Siku Kumi na Tisa Chini ya Nyumba

Ujumbe wa kwanza wa sauti uliingia saa mbili na robo asubuhi. Mumbua alikuwa bafuni kwa watu, huko Castle Vale, Birmingham, mikono yake yote miwili imemshika bibi wa miaka tisini na mmoja asije akateleza. Simu ilitetemeka mfukoni mwa sare yake. Akajua ni nani, kwa maana ndugu yake ndiye pekee aliyekuwa akimtumia sauti saa za kazi. Hakuigusa. Alimsuuza bibi povu, akamkausha, akamvisha, akamketisha karibu na dirisha, akampikia uji wa shayiri na chai ya maziwa mengi. Alipokwisha kuandika kwenye daftari la nyumba ile kwamba bibi amekula vizuri ndipo alipotoka, akaingia garini, akafunga mlango na kubonyeza.

"Sista," Shem alisema kwa kunong'ona. "Niko hai. Nimekwama tu. Nyumba imetuangukia, tuko chini yake, kwenye stoo ya viazi ya wenyeji. Kuna zege juu ya mguu wangu. Usishtuke. Watakuja kututoa. Mama akiuliza, niko kaskazini kikazi, hakuna network. Sawa?"

Aliusikiliza mara tatu. Kisha saa ya gari ikamwonyesha kwamba mteja wa pili anamngoja, naye akawasha gari akaenda.

Shem alikuwa mdogo wake kwa miaka minne, na kwa mama yao walikuwa hao wawili tu. Kutoka kwao Mwingi, Kenya, alikwenda Winnipeg, Kanada, kusomea ujenzi, akabaki, akapata uraia, akaingia jeshini. Mama alitundika sebuleni picha yake ya gwaride, yule kijana mrefu mwenye jani jekundu begani, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo. "Kanada inapigana na nani?" aliwauliza wanawake wenzake wa kanisa, nao wakacheka pamoja naye. Kwake yeye ile ilikuwa kazi ya serikali kama za makarani wa wilayani, ila ya baridi zaidi.

Kazi yenyewe ilikuwa mabomu ya kutegwa ardhini. Shem alijifunza kuyatafuta na kuyategua, kisha akawafundisha wengine. Miaka sita aliifanya kwenye theluji ya Manitoba, jimbo la Winnipeg, wala hakuwahi kukutana na bomu hata moja lililofukiwa na mtu aliyetaka kumuua kweli. Mwishowe jeshi likamleta Uingereza miezi minne kuwafundisha askari wapya wa Ukraine. Kila alipopewa mapumziko alipanda treni mpaka Birmingham, kwenye nyumba ya Bordesley Green ambamo Mumbua aliishi na Chepkoech, nesi wa hospitali ya jirani. Alifika na njaa. Alikula chapati sita kwa mkao mmoja, akasinzia kwenye kochi na viatu miguuni.

Safari yake ya mwisho hakusinzia. Alikaa mezani jikoni, akamsogezea dada yake simu.

"Muone huyu," alisema. Kwenye picha kulikuwa na mwanamume mnene mwenye miwani. "Alikuwa mwalimu wa muziki. Nilimfundisha wiki tano. Akiwa kule akanitumia picha ya bomu asilolijua, akauliza waya wa chini unaelekea wapi. Mimi nilikuwa naoga. Nilimjibu baada ya dakika kumi. Hakusoma."

Mumbua alitazama. Chini ya picha, jibu la Shem lilikuwa bado na tiki moja.

"Wako tisa kama huyu," Shem alisema. "Mkataba wangu unaisha Machi. Siweki sahihi tena."

"Afadhali," Mumbua alisema. Moyo wake ulitua. "Rudi kwenye ujenzi."

"Naenda kule, Sista. Kwa hiari yangu. Kuna kikosi cha wageni, wanatafuta watu wanaojua kazi hii."

Alimfokea. Alimwambia mambo ambayo baadaye alitamani asingeyasema: kwamba ameacha kwao kutafuta maisha ya Wazungu na sasa anakwenda kufia mashamba ya Wazungu, kwamba yule mwalimu wa muziki si ndugu yake. Shem alimwacha amalize, kisha akasema, "Niliwaambia wako tayari. Mimi ndiye niliyewapa alama za kupita." Halafu akamwapisha asimwambie mama. Mumbua akaapa. Alidhani itakuwa siri ya miezi michache.

Kule kikosini walimwita Mkanada, na alidumu miezi minane kabla nyumba haijamwangukia.

Ujumbe mwingine ulikuja siku ya tatu. Walikuwa watu watatu chini kule: Shem, Mkanada mwenzake aitwaye Manjit, na askari mmoja wa Ukraine aliyeumia tumbo. Droni za adui zilikuwa zinazunguka juu mchana kutwa na kupiga chochote kinachotembea. Droni za upande wao nazo ziliwadondoshea maji, chokoleti, betri, na kifaa kidogo cha intaneti ya setilaiti kilichofanya kazi pale Manjit alipokifikisha mlangoni kwa fimbo. Siku ya sita yule aliyeumia tumbo alikufa, nao wakaendelea kuishi naye mle ndani, kwa kuwa hapakuwa na pa kumpeleka.

"Usinione shujaa," Shem alisema siku hiyo. "Shujaa hufanya kitu. Mimi nimelala tu nasubiri."

Mumbua alimjibu kila mara akiwa garini, kati ya nyumba na nyumba. Alimweleza habari za wateja wake, mvua, Chepkoech aliyeunguza sufuria. Hakujua mtu aliye katika hali ile huambiwa nini. Akimaliza, alirudi kwenye mabafu ya wazee na kuinua, kusuuza, kukausha. Mara nyingine, akiwa amefunga mlango wa bafu dogo lisilo na dirisha, mvuke umejaa, pumzi ilimkatika, akalazimika kuufungua huku mteja akilalamika kwamba baridi inaingia.

Jumapili ilikuwa siku ya mama kupiga simu baada ya ibada.

"Shem mbona kimya?"

"Yuko kaskazini kikazi, Mwaitu. Huko hakuna network." Alimwita hivyo kila mara, Mwaitu, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao.

"Kaskazini hiyo haina hata posta?" Kisha mama akahamia jingine. "Unasikia redio? Vijana wetu wanadanganywa kazi huko Urusi, wakifika wanapewa bunduki. Mtoto wa fundi wa hapa sokoni amekwisha. Wamepata kuletewa nguo tu. Nimekaa na mama yake tangu juzi. Kila nikitoka pale nasema asante Mungu, wangu yuko Kanada."

Mumbua alishika ukingo wa sinki. "Ndiyo, Mwaitu."

Ujumbe wa mwisho ulikuja siku ya kumi na tisa, na ulikuwa mfupi. "Kuna ukungu leo," Shem alisema, sauti yake kavu. "Manjit atatoka. Akifika atakutafuta. Mimi niko sawa, Sista. Nasikia joto, hata." Mumbua alituma sauti tatu siku ile na nne kesho yake. Zote zilibaki na tiki moja.

Kwenda kwa mama hakuweza. Kibali chake cha miaka mitatu cha kutunza wazee kilikuwa kinafika mwisho, na kampuni ilikuwa imemwombea aongezewe. Ombi likiwa bado mezani, aliruhusiwa kuendelea na kazi. Lakini akivuka tu mpaka, lingehesabiwa kuwa amelifuta mwenyewe. Na kwa sheria mpya, watunzaji wa kutoka nje hawakuajiriwa tena, kwa hiyo atakayetoka ametoka. Pasipoti ilikuwa kwenye droo, chini ya soksi. Hakuna aliyemfungia. Angeweza kuwa Nairobi kesho yake jioni. Ila mama alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki kwenye mashine ya figo kule Kitui, na mshahara wa Birmingham ndio uliompeleka kwenye mashine hiyo.

Manjit alimtafuta mwisho wa Januari. Alikuwa amepona nusu, akawa amekuja kupumzika kwa shangazi yake pale Birmingham. Walikutana adhuhuri kwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Balsall Heath. Mumbua alimtambua kwa mkono uliofungwa kifuani: Kalasinga wa miaka thelathini hivi, mpana, kilemba cha buluu, macho ya mtu aliyetoka kuugua.

"Wewe ndiye Sista," alisema kwa Kiingereza. "Nilidhani ndilo jina lako."

Aliagiza chakula, kisha hakukigusa. Alieleza yote taratibu, macho yake kwenye sahani. Yeye alivunjika mkono, Shem alibanwa mguu. Mara kadhaa alijaribu kulisogeza lile zege kwa mkono mmoja, na kila mara Shem alipiga kelele mpaka akaacha. Mguu ulianza kunuka. Siku ya kumi na tisa ukungu ulishuka mzito, droni zikashindwa kuona.

"Aliniambia nenda. Nilikataa," Manjit alisema. "Akaniambia nenda tena. Sikukataa."

"Alikuwa anajitambua?"

"Alikuwa anajitambua. Alikuwa anaongea." Alisogeza sahani pembeni. "Sikutaka kukwambia kwamba alikuwa amezimia, ingawa hivyo ndivyo nilivyowaambia wakubwa wangu. Alikuwa macho, ananitazama nikipanda ngazi. Nilitembea saa saba. Tulipanga kumrudia usiku ule, lakini ukungu ukaondoka mchana, nao wakaipiga ile nyumba mpaka ikawa kifusi. Niliona kwenye video."

Mumbua alitambua kwamba angependa kumpiga, na pia kumlisha. Akaona hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Kuna jambo jingine," Manjit alisema. "Pande mbili zinabadilishana maiti. Wakimtoa, ili wamtambue watahitaji kumlinganisha na mate ya ndugu. Yako, na ya mama yake hasa. Lazima mama ajue."

Mumbua alisimama, akavaa koti lake na kutoka. Hakumuaga.

Jumapili iliyofuata alimpigia mama kabla mama hajapiga, kwa video, akamwambia. Alimwambia bila kuzunguka, kwa kuwa angezunguka asingefika.

Mama alikuwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani.

"Alienda lini?"

"Machi mwaka jana."

"Na hiyo nyumba ikamwangukia lini?"

"Novemba."

"Novemba nilikuwa nakuuliza kila Jumapili."

"Ndiyo, Mwaitu."

Mama hakukata simu. Aliiweka mezani, uso juu, akatoka. Kwenye kioo Mumbua akabaki anatazama mabati ya nyumba yao, na msumari mmoja ulioshika kutu. Akamsikia mama akilia uani, kisha majirani wakija mmoja mmoja, sauti zikiongezeka. Alisikia mtu akisema, "Mumbua alijua?" Hakuweza kuzungumza nao, na hakuweza kukata. Alikaa kitandani Bordesley Green akitazama mabati kwa dakika arobaini, mpaka simu ya mama ikaisha chaji.

Tangu hapo mama hakupiga tena. Habari zilipitia kwa mchungaji. Mama ametoa mate hospitali. Mama amekataa kula siku mbili, leo amekula. Mumbua naye alikwenda kwenye kliniki moja mjini, akapakwa kijiti cha pamba ndani ya shavu, akatia sahihi, akarudi kazini.

Mei wakampata. Wenzake wa Manitoba walitaka azikwe kule Kanada kwa heshima za kijeshi, lakini mama akajibu kupitia mchungaji kwamba wamekaa naye miaka kumi, inawatosha. Wakakubali kumpeleka Mwingi.

Ndipo mama alipopiga mwenyewe. Hakumsalimu.

"Mazishi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Njoo."

"Mwaitu, nikitoka sitarudi. Ombi langu bado. Na mashine yako..."

"Nani alikwambia nataka mashine? Nataka mtu wa kusimama na mimi pale shimoni. Nina watoto wawili. Mmoja yuko kwenye sanduku. Wewe uko kwenye sanduku gani?"

Siku nne zilizofuata zilimpitia Mumbua kama homa. Ushma, msimamizi wa zamu pale ofisini, alimpa wiki nzima ya mapumziko bila hata kumaliza kusikiliza, na wema ule ndio uliomliza. Aliitoa pasipoti kwenye droo, akairudisha, akaitoa. Alijaza sanduku dogo la safari. Chepkoech alirudi kutoka zamu akamkuta amekaa juu yake, kwenye korido.

"Ukienda unamzika Shem," Chepkoech alisema, akivua viatu. "Halafu baada ya miezi miwili unamzika mama. Nafanya kazi na hizo mashine, Mumbua. Sisemi ili kukutisha."

"Najua."

"Basi nikwambie uende ama nikwambie ukae? Sema unachotaka kusikia, nitakisema."

Walicheka kidogo, wote wawili, kisha Mumbua akasimama, akalirudisha sanduku chumbani, akachukua simu. Alipiga namba aliyokuwa hajaipiga tangu Januari.

"Manjit. Una pasipoti?"

"Ninayo." Alisikika ameshtuka.

"Basi utaenda Kenya. Utamzika Shem, na utamwambia mama uliyoniambia mimi. Si yale ya wakubwa wako. Yale ya mkahawani."

"Siwezi kumtazama mama yake," Manjit alisema. "Naomba. Nitume popote, si pale. Siwezi."

"Mimi ndiye siwezi," Mumbua alisema. Aliisikia sauti yake ikipanda, hakuizuia. "Kuna sheria, kuna makaratasi, kuna figo za mtu. Wewe unaogopa tu. Hiyo si kutoweza."

Manjit alienda.

Alhamisi asubuhi Mumbua na Chepkoech walikaa kitandani, simu imeegemezwa kwenye kikombe. Vijana wa kanisa walikuwa wanarusha mazishi moja kwa moja, na picha iliganda kila baada ya dakika chache. Waliona turubai, viti vya plastiki, jeneza lenye bendera ya Kanada na leso ya mama juu yake. Waliona watu wakigeuka kumtazama Manjit, katika suti nyeusi na kilemba cheusi, jasho likimtiririka. Aliposimama kuzungumza, mchungaji alimtafsiria. Alisema Shem alitegua mabomu mia moja na themanini na sita, na kwamba kila moja lilikuwa mguu wa mtu. Watu wakapiga makofi, wakaona aibu, wakaacha.

Kisha Manjit aliacha kipaza sauti, akaenda mpaka kwenye kiti cha mama, akapiga magoti kwenye vumbi. Mchungaji akainama kati yao. Picha ikaganda hapo hapo.

"Si sasa!" Mumbua alipiga kelele, akaitikisa simu. "Si sasa, jamani!"

Iliporudi walikuwa tayari kaburini. Mama alikuwa ameshikilia mkono mzima wa Manjit, ule usiovunjika, si kwa upole, ila kama mtu ashikaye ukuta. Alichukua sepetu kutoka kwa kijana mmoja, akampa. Manjit alitupa udongo kwa mkono mmoja, vibaya, ukimwagikia viatu vyake, na hakuna aliyemsaidia kwa maana mama alikuwa amewazuia kwa kiganja.

Jioni Manjit alimpigia Mumbua akamweleza kilichopita wakati picha imeganda. Alimwambia mama yote: mguu, ukungu, ngazi, macho. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza, siku hizo zote walikuwa wanakula nini. Alimwambia chokoleti. La pili, ile asubuhi ya ukungu, nani alikula ya mwisho.

"Nikamwambia ni mimi. Shem aliivunja vipande viwili, akanipa vyote. Nilidhani atanitemea mate. Akasema, ndivyo alivyokuwa tangu mdogo, chakula chake huwapa wageni, halafu yeye anakuja kuniomba mimi."

Mumbua alikata simu, akalala kifudifudi, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba akalia mpaka akachoka.

Jibu la ombi lilikuja Jumanne, siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, akiwa ameegesha gari mbele ya nyumba ya mteja. Ameongezewa miaka mitatu. Anaweza kusafiri na kurudi. Alilisoma mara mbili, akaingia kazini, akaogesha wazee wanne. Hakuona furaha. Siku kumi na mbili zilikuwa zimemkaa kooni, asiweze kuzimeza wala kuzitema.

Jumapili alijikaza akapiga simu. Mama alipokea.

"Mwaitu, wamenikubalia. Naweza kuja sasa."

"Sasa unakuja kufanya nini?" mama alisema. "Ameshazikwa."

"Kukuona."

Nyuma yake jogoo wa mtu aliwika, na mwanamke akasikika akiuliza kama chai imetosha. Mumbua alingoja. Alikuwa amejifunza kungoja kwenye simu.

"Umenidanganya mwezi wa kumi na moja wote, na wa kumi na mbili, na wa kwanza," mama alisema mwishowe. "Bado nina hasira na wewe. Nitakuwa nayo ukija."

"Sawa, Mwaitu."

"Njoo Agosti. Mashine ni Jumanne na Ijumaa, utanipeleka." Akavuta pumzi. "Na yule Kalasinga, mwambie aje tena. Aliondoka hajamaliza hata sahani."